Maswali ya muziki: Smoke on the Water au Iron Man, rifu ipi ndo nzito?

Mwezi huu barua nyingi zilizofika zimezunguka rock, na nyingi zinagusa nyimbo mbili zilezile, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Swali la kijana wa Dodoma nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndo mzizi wa mengine yote.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi na binamu yangu tunakaa chumba kimoja chuoni, yeye ni mtu wa Deep Purple mi ni mtu wa Black Sabbath, sasa kila jioni ni ubishi. Yeye anasema Smoke on the Water ndo rifu nzito kuliko zote zilizowahi kupigwa kwenye gita la umeme, mi nasema hapo hamna kitu, Iron Man inaikalisha mapema sana. Tumekubaliana neno lako ndo la mwisho, ila tafadhali usituambie zote nzuri, tunataka jibu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na jibu mtapata. Kwa uzito, Iron Man. Kwa rifu iliyopangwa vizuri ikakaa, Smoke on the Water. Sijakwepa hapo, maana hayo ni mambo mawili tofauti na ubishi wenu unawaka kwa sababu mmeyachanganya, binamu yako anatetea jinsi rifu ilivyoundwa, we unatetea inavyokukandamiza kifuani ukiwasha spika.

Kwa ambaye hajazoea haya maneno, rifu ni kile kipande kifupi cha gita kinachojirudia mpaka kinakuwa ndo wimbo wenyewe, yaani hata mtu asiyejua mstari mmoja wa mashairi atakuimbia kwa mdomo na utaujua wimbo papo hapo. Hizi mbili ni kati ya rifu zinazoimbwa hivyo dunia nzima, na zote zilitoka kwa bendi za Uingereza ndani ya miaka miwili, Iron Man ikiwa kwenye albamu ya Paranoid iliyotoka Septemba 1970 na Smoke on the Water kwenye Machine Head iliyotoka Machi 1972. Kwa hiyo wa kwako ndo mkubwa kwa umri, hilo ukamwambie binamu.

Tuanze na wa kwake. Desemba 1971 Deep Purple walienda Montreux, mji wa Uswisi kando ya Ziwa Geneva, wakitaka kurekodi albamu ndani ya kasino la pale kwa kutumia lori la studio walilokodi kwa Rolling Stones. Mpango ulikuwa kasino likishafungwa kwa msimu wa baridi wao waingie. Tarehe 4 Desemba ikawa na shoo ya Frank Zappa na bendi yake, na katikati ya shoo mtu mmoja kwenye umati akafyatua bastola ya fataki, moto ukashika dari na jengo zima likaungua. Claude Nobs, yule aliyekuwa anaendesha tamasha la jazz la Montreux, alikuwa anaingia na kutoka anawavuta vijana nje. Deep Purple wakakaa wanaangalia moshi umetanda juu ya ziwa, na mpiga besi wao Roger Glover siku chache baadaye akaamka usingizini na maneno hayohayo mdomoni, moshi juu ya maji. Mashairi ya wimbo ni taarifa ya tukio hilo, hamna fumbo, mwimbaji wao Ian Gillan anataja mpaka jina la Zappa na la Claude.

Sasa rifu. Ritchie Blackmore anaanza peke yake na gita, Fender Stratocaster, noti nne tu za blues kwenye G mdogo. Peke yake kabisa. Halafu inaingia hai-hati ya mpiga dramu Ian Paice, yale matoazi mawili yanayogongana, inaingia na kinanda cha Hammond cha Jon Lord, na hapa sikilizeni vizuri maana watu wengi hawajui kwamba hicho kinanda hakipiti kwenye spika zake za kawaida za kuzunguka, Lord alikipitisha kwenye amplifaya ya Marshall kama gita, kikawa kinakoroma. Kwa hiyo ile sauti nene mnayodhani ni gita lote, nusu yake ni kinanda kinachopiga noti zilezile. Kisha dramu zote zinashuka, na besi ya Glover ndo inaingia mwisho. Besi ikiingia tu sakafu inapatikana, na ndo maana kila mtu anatikisa kichwa palepale hata kama ameusikia huo wimbo mara elfu. Uzito umejengwa tabaka kwa tabaka, hawakukutupia wote kwa pamoja.

Kitu kingine, Gillan akianza kuimba rifu inaondoka. Kwenye beti gita linashika G na F tu linamwachia mwimbaji nafasi, halafu beti likiisha rifu inarudi. Unaikosa, inarudi, unaikosa tena. Huo ni ufundi wa kupanga wimbo na hapo binamu yako ana haki kabisa.

Iron Man haifanyi hivyo hata kidogo. Inaanza na Bill Ward anapiga dramu kubwa ya mguu, polepole, tena na tena, na juu yake Tony Iommi anauvuta uzi mnene wa gita mpaka sauti inalegea na kupanda kama mlango mzito unafunguliwa. Ozzy Osbourne anajitambulisha kwa sauti iliyoharibiwa. Halafu rifu inashuka yenyewe, na ikishashuka haiondoki. Ozzy akianza kuimba anaimba noti zilezile za gita, Geezer Butler kwenye besi naye yuko hapohapo, yaani gita, besi na sauti ya mtu wote wanatembea kwenye mstari mmoja. Huna pa kukimbilia. Inasemekana Ozzy alivyoisikia rifu mara ya kwanza alisema ni kama jamaa mkubwa wa chuma anatembea, na jina likatokea hapo, Butler ndo akaandika hadithi yake baadaye.

Halafu kuna mwendo, na kwangu mi hapa ndo kesi inaisha. Smoke on the Water inaenda mapigo mia na kumi na kitu kwa dakika, ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, mwili unaufuata bila shida. Iron Man kwenye beti iko sabini na kitu tu. Kati ya noti na noti kuna nafasi kubwa na hiyo nafasi inakufanya usubiri noti inayofuata ishuke, na ikishuka inashuka na watu watatu kwa mpigo. Vijana wengi wanafikiri uzito ni kuzidisha distoshen, yaani kule kuchafua sauti ya gita ikoromee, wanazungusha kitufe mpaka mwisho, wanapata ukungu tu. Sikilizeni Iommi na Blackmore kwenye hizo rekodi, gita zao hazijachafuliwa sana kihivyo, noti unazisikia moja moja. Uzito unatoka kwa nani anapiga pamoja na rifu na wanaacha nafasi kiasi gani katikati, na kwa kipimo hicho Iron Man inashinda, tena kwa mbali.

Jaribuni hili leo jioni. Wekeni simu kwenye spika moja ileile, sauti ileile msiiguse, mpige sekunde hamsini za kwanza za Smoke na msikilize besi inapoingia tu, halafu mruke kwenye Iron Man pale Ozzy anapoanza beti la kwanza. Binamu yako atanyamaza kidogo. Kisha umpe na yeye haki yake, mwambie akuimbie rifu zote mbili kwa mdomo halafu mwulize mtu yeyote wa chumba jirani ni ipi anaikumbuka baada ya kusikia mara moja, na hapo atakushinda.

SWALI: Niaje mkuu. Niko Nairobi. Kati ya Smoke on the Water na Iron Man, ni gani ilifanya vizuri kwa chati enzi hizo? Nauliza juu beshte yangu anasema Iron Man haikuwa hit hata. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Poa sana. Kwa chati za Marekani hakuna mashindano, Smoke on the Water ilitolewa kama singo mwaka 1973, mwaka mzima baada ya albamu, ikafika namba 4 kwenye Billboard Hot 100. Na kilichonishangaza siku zote ni kwamba bendi yenyewe haikuiona inakuja, singo waliyoichagua kwanza kutoka kwenye albamu ile ilikuwa Never Before, leo nani anaikumbuka? Redio na mashabiki wa shoo ndo waliolazimisha Smoke itoke. Iron Man iliishia namba 52 kwenye chati hiyohiyo mwaka 1972, kwa hiyo rafiki yako ana pa kusimamia. Ila albamu yake ya Paranoid ilishika namba 1 Uingereza, na mwaka 2000 Black Sabbath walichukua tuzo ya Grammy ya heavy metal kwa Iron Man, ile waliyoipiga jukwaani kwenye albamu ya Reunion, miaka thelathini baada ya wimbo kutoka. Kuna nyimbo zinakuwa hit kwa wiki kumi na kuna nyimbo zinakuwa hit kwa vizazi, mi nazihesabu zote mbili kuwa hit.

SWALI: Bwana mwandishi salaam. Nimeanza kujifunza gita miezi hii hapa Mombasa, na kama kila mtu nimeanza na Smoke on the Water. Nafuata video, uzi mnene wa juu kabisa, freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gita) sifuri, tatu, tano. Noti ni zenyewe lakini haisikiki kama rekodi asilani, inasikika nyembamba na ya kitoto. Nina amplifaya ndogo yenye distoshen, nimeifungua yote. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wa alaikum salaam ndugu yangu. Mwendo wa noti umeupata ila umeupata nusu, na video nyingi zinafundisha hivo hivo kwa sababu ni rahisi. Blackmore hapigi uzi mmoja, anapiga mbili kwa wakati mmoja, na zile mbili anazitumia ndo siri ya sauti yenyewe.

Hesabu kuanzia uzi mwembamba kabisa, wa chini. Unataka uzi wa tatu na wa nne, yaani G na D. Zipige zote mbili wazi, hujashika kitu. Kisha laza kidole kimoja juu ya zote mbili freti ya 3, kisha freti ya 5. Hiyo ni sentensi ya kwanza. Ya pili wazi, 3, halafu 6 kwa haraka na unarudi 5. Ya tatu ni kama ya kwanza, wazi, 3, 5, na unamalizia 3, wazi. Basi, rifu yote hiyo.

Sasa mkono wa kulia. Weka pembeni kile kiplastiki cha kupigia. Blackmore anazinyofoa zile nyuzi mbili kwa vidole, zote zinatoka kwa pamoja kama umebana kitu na kukiachia. Ukipiga na kiplastiki, uzi mmoja unatangulia mwingine kidogo sana, sikio linausikia huo mchelewo hata kama hujui unachosikia, na sauti inakuwa ya kukwaruza. Ukinyofoa kwa vidole zinatoka mraba.

Na kwa nini nyuzi mbili hizo zinakuwa nene hivo? Vijana wakishajua pawa kodi, yaani noti ya mzizi chini na ya tano yake juu, wanadhani kila rifu ya rock ni hiyo. Hapa imepinduliwa. Noti ya melodi iko juu na ile nyingine iko chini yake kwa umbali wa nne, kwa hiyo ukisikiliza unafuata noti ya juu lakini kuna kitu chini kinakusindikiza hatua kwa hatua. Ukiipiga kwa pawa kodi za kawaida inasikika sawa kwa jirani, ila ukiiweka na rekodi utaona za kwako zimejaa mno chini na ule ukali wa Stratocaster haupo.

Mwisho, funga distoshen. Usiizime, irudishe mpaka karibu na nusu. Na noti zikate, usiziache zinaning'inia zinaingiliana, ukishapiga inua kidole kidogo tu sauti ife, kisha inayofuata. Pale unaposikia kimya kifupi kati ya noti na noti ndo umeanza kuipata. Fanya taratibu na mdundo wa hai-hati wa kwenye simu kwanza, mwendo wa chini, ukishatulia ndo upande.

Iron Man utaiacha kwanza kama wiki kadhaa, siyo kwa sababu ni ngumu kwenye noti, ni pawa kodi zinazotelezeshwa juu ya uzi mnene kuanzia freti ya 7, ila pale katikati kuna mbili zinazopishana haraka mara tatu mfululizo, G na F kali, na mkono ambao haujazoea unakakamaa palepale na ukishakakamaa mwendo unakimbia. Ukiiharakisha Iron Man umeiua.

SWALI: Hivi Iron Man ya Black Sabbath si ndo wimbo wa yule wa Marvel? Mdogo wangu anasema waliutunga kwa ajili ya filamu. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana, mwambie filamu ile imetoka 2008 na wimbo ulikuwa na miaka karibu arobaini. Ni kweli filamu iliutumia mwishoni, ndo maana watoto wa siku hizi wanaujulia hapo, ila hadithi ya Butler haina uhusiano wowote na yule tajiri mwenye suti. Yake ni ya mtu aliyesafiri kwenda wakati ujao akaona dunia inaangamia, kwenye kurudi akapita kwenye nguvu ya sumaku akageuka chuma, hawezi kusema. Anataka kuwaonya watu, watu wanampita, wanamcheka, na hasira zinamjaa mpaka yeye mwenyewe anakuwa ndo maangamizi aliyokuja kuwaonya. Ukishaijua hiyo hadithi rudi usikilize ule mwendo wa polepole wa rifu, ni mtu asiye na mdomo anakuja kwenu kwa miguu. Mi kwangu hapo mashairi na gita vimekutana kuliko kwenye Smoke on the Water, ambayo ukweli ni kwamba rifu yake haisimulii moto hata kidogo, ingeweza kubeba hadithi yoyote.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Tabora, nimekulia muziki wa dansi. Wajukuu zangu wanapiga hizo kelele zenu ndani ya nyumba yangu. Nimejaribu kusikiliza kwa nia njema, nasikia gita linarudia kitu kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Muziki uko wapi hapo? (Mzee, Tabora)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote ya mwezi huu na nitakujibu kwa muziki wako mwenyewe.

Kwenye dansi, waimbaji wakishamaliza beti zao, gita zinaachiwa uwanja. Wakongo wanaita sebene. Pale gita la ridhim linashika kipande kifupi, linakirudia hakiishi, la solo linacheza juu yake, besi inajibu chini, na watu ndo wanainuka kwenye viti. Mzee, kile kipande cha ridhim nacho kinarudia kitu kimoja, wala hatujawahi kulalamika, kwa sababu kujirudia ndo kunakompa solo sehemu ya kusimama. Msikilize Mbaraka Mwinshehe anavyotembea na solo lake, asingeweza kuzurura vile kama chini pangekuwa hapajatulia.

Tofauti ni hii. Kwenye dansi gita zinasemezana, hili linasema lile linaitikia, na kila moja lina maneno yake, ukiondoa moja unasikia pengo. Kwenye hizi nyimbo za wajukuu hawasemezani, wote wanasema neno moja kwa wakati mmoja. Gita na kinanda kwenye Smoke on the Water, gita na besi na sauti ya mwimbaji kwenye Iron Man. Sikio lililokuzwa na dansi linasubiri gita la pili lijibu, halijibu, kwa hiyo linaona ni kelele. Ni haki kabisa. Ila ukikaa ukaacha kusubiri jibu, ukalisikiliza lile neno moja linavyoshushwa na watu watatu wanne kwa pamoja bila kupishana hata kidogo, utasikia nidhamu ya bendi, na nidhamu ya bendi najua unaijua vizuri kuliko mimi.

Ningeomba wajukuu wakupigie Iron Man yote, wasikatishe kwenye beti. Katikati pale mwendo unabadilika ghafla, bendi inakimbia, Iommi anatoka kwenye rifu anapiga solo, na mwishoni kabisa kuna kipande kirefu cha gita na besi na dramu zinachachamaa. Wengi wanaosema inajirudia hawajawahi kufika huko. Na wao wajukuu wakae na wewe kwa sebene moja ndefu, simu wakiwa wameziweka chini.

SWALI: Mambo vipi. Rock nzito si ya wazungu tu? Afrika kuna mtu aliwahi kupiga hivi zamani, au tulianza juzi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Poa. We uko Mbeya, vuka Tunduma tu umefika. Zambia miaka ya 1970 ilikuwa na bendi kibao za namna hii, mpaka leo wanaiita Zamrock, gita zimechafuliwa na zina rifu nzito juu ya midundo ya nyumbani. WITCH, akiimba Emmanuel Chanda anayejulikana kama Jagari, Paul Ngozi na Ngozi Family, Amanaz na albamu yao ya Africa ya mwaka 1975. Walikuwa wanasikiliza Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath kwenye redio na rekodi zilizofika miji ya shaba, na Rais Kaunda aliposisitiza redio zipige muziki wa Wazambia wenyewe hizo bendi zikapata nafasi. Musi-O-Tunya, wengine wa mwanzo kabisa, walirekodi Nairobi. Anza na Amanaz, halafu Ngozi Family kwa ajili ya gita, na usikilize jinsi rifu zao zinavyoyumba kidogo kwenye mapigo, hazikai mraba kama za Waingereza. Mi naona ni afadhali hivo.

SWALI: Kaka, nafanya kazi kwenye mashine ya mbao huku Mafinga. Mwaka jana msumeno ulinikata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Nilikuwa napiga gita kanisani. Vidonda vimepona ila nikishika nyuzi nasikia maumivu na noti hazitoki. Watu wananiambia niache. Nimesikia kuna mpiga gita mkubwa alipata ajali kama yangu, ni kweli au ni maneno ya kunifariji? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Ni kweli tupu, na ni huyuhuyu tuliyekuwa tunamzungumza ukurasa mzima. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati Birmingham, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, vilevile kama vyako. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono uliokatwa, wa kulia, ndo ule wa kushika nyuzi. Na yeye aliambiwa aache.

Msimamizi wake wa kiwandani akamletea rekodi ya Django Reinhardt, akamsikilizisha kwanza, halafu ndo akamwambia kwamba huyo anayepiga hivyo ana vidole viwili tu vinavyofanya kazi kwenye mkono wa kushika, viwili vingine viliungua kwenye moto mwaka 1928. Iommi akaenda nyumbani akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya ncha za vidole, akavisugua na msasa mpaka vikamkaa, akabandika na ngozi aliyokata kwenye koti la zamani ili vishike uzi visiteleze. Na hivyo ndo vidole vilivyopiga Iron Man.

Sasa tuje kwako, hatua unazoweza kuanza nazo. Kwanza mwonyeshe daktari au mtu wa fiziotherapia hizo ncha, maumivu ya mshipa wa fahamu yana tiba yake na usiyalazimishe. Pili badilisha nyuzi, nunua seti nyepesi kabisa utakayoipata, namba 8 au 9. Iommi enzi hizo seti nyepesi hazikuwepo madukani, akawa anachanganya na nyuzi za banjo. Tatu, legeza gita zima nusu sauti au hata sauti nzima, nyuzi zinakuwa laini kushika, Black Sabbath wenyewe walishuka sauti moja na nusu kwenye albamu ya 1971, Master of Reality, na sehemu ya sababu ilikuwa vidole vyake. Kwaya ikihitaji sauti ya kawaida utaweka kapo, kile kibanio cha kupandisha sauti, kwenye shingo ya gita.

Vifuniko usianze na plastiki ya kuyeyusha, utaungua. Tafuta ngozi laini, fundi viatu atakushonea kofia mbili ndogo zinazobana, na ndani uweke kitambaa. Anza na noti moja moja kwenye nyuzi nyembamba, dakika chache kwa siku. Kodi za kanisani nyingi utazipata kwa kidole cha shahada na cha mwisho, mzizi na ya tano, vile viwili vilivyoumia vikisaidia tu pale vinapoweza. Ukifika hatua ya kushika kodi niandikie tena uniambie ni zipi zinakusumbua, nitakuchorea namna ya kuzishika kwenye toleo linalofuata.